Magi Moja, Kipimo Kimoja: Keki za Nyumbani Bila Mizani

Alasiri ya siku moja ya mwezi wa Shaabani tulipigiwa hodi na jirani yetu, mama wa watoto wanne ambaye hupika keki nyumbani kwake na kuziuza mtaani, na mara nyingine huagizwa na wenye shughuli za akika na nikahi. Mkononi alibeba sahani iliyofunikwa kawa. Kwa kawaida sahani ya namna hiyo huja na futari au zawadi, lakini siku hiyo uso wake ulionesha kwamba hakuja kwa furaha.

"Naomba mnionjee," alisema baada ya kukaa. "Nimepika kama ninavyopika siku zote, lakini wiki hii keki tatu zimerudishwa."

Tulikata kipande. Juu keki ilikuwa imepasuka, kandokando ilikuwa kavu, na katikati bado mlikuwa na unga mbichi. Tulimuuliza alichobadilisha. Unga? La. Mafuta? La. Jiko? Jiko ni lile lile. Hapo tukamwomba akatuletee vyombo vyake vyote vya kazi. Akarudi na bakuli, mchapo, kijiko cha chai, na magi mpya ya udongo yenye maua mekundu. Magi yake ya zamani, aliyoitumia tangu alipoolewa, ilikuwa imevunjwa na mtoto wiki mbili nyuma.

Tulichukua chupa ya maji ya nusu lita tukaimimina katika magi ile mpya. Ilipojaa, maji yaliyobaki chupani hayakufika hata nusu ya magi ya pili. Alikumbuka kwamba ile ya zamani chupa kama hiyo iliijaza mara mbili kamili, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiwagawia watoto maziwa. Kumbe mkono wake haukukosea. Kipimo ndicho kilichobadilika, naye hakujua.

Makala haya tumeyaandika kwa sababu ya sahani ile. Tunajua kwamba katika nyumba nyingi za wasomaji wetu hakuna mizani ya jikoni, na kwamba akina dada wengi wakiona neno "gramu" katika kitabu cha mapishi hukifunga kitabu. Tunapenda kuwaonesha kuwa magi moja inatosha kabisa kupika keki nzuri, iwapo tutaiheshimu kama kipimo na si kama chombo cha kuchotea tu.

Kupima kwa chombo si jambo geni kwetu

Wapo wanaosema kwamba kupima kwa chombo ni kubahatisha. Hatukubaliani nao, na historia yetu wenyewe haikubaliani nao. Kabla mizani haijaenea madukani, watu wa pwani walipima mchele, mtama na kunde kwa kibaba na kwa pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Ndiyo maana hata leo, mtu ambaye hajapata kukiona kibaba kwa macho yake bado husema kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Dini yetu nayo imetuzoesha jambo hilo. Zakatul-fitri, ambayo kila mwaka tunaitoa kabla ya sala ya Idi, imewekewa kipimo cha chombo: swaa moja ya chakula kwa kila mtu, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la pishi. Swaa moja ni mudi nne, na mudi ni kiasi kinachojaa katika viganja viwili vya mtu wa wastani vikikutanishwa pamoja. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa swaa moja hadi mudi tano. Katika mapokezi hayo tunajifunza kutofanya israfu, na tunajifunza pia kwamba chombo kinachojulikana ujazo wake ni kipimo kamili.

Hata hivyo, msomaji atakuwa amegundua kwamba kila Ramadhani wanazuoni wanapoigeuza swaa kuwa kilo, hesabu zao hutofautiana kidogo. Sababu ni kwamba chombo kimoja kikijazwa tende hakina uzito ule ule kinapojazwa mchele au ngano. Jambo hili ndilo linalowakwaza wengi jikoni, na tutalirudia hivi punde.

Mataifa mengine nayo yana desturi kama hii. Huko Marekani, mapishi ya nyumbani hupimwa kwa kikombe hadi leo, na aliyesisitiza sana kwamba kikombe hicho kijazwe na kusawazishwa juu alikuwa mwalimu wa mapishi Fannie Farmer, katika kitabu chake cha mwaka 1896. Ufaransa nako kuna keki ya mtindi inayofundishwa watoto wadogo: kopo lile lile la mtindi, likishamiminwa, hutumika kupimia sukari, unga na mafuta.

Kanuni nne za magi

Ya kwanza: magi iwe moja tangu mwanzo hadi mwisho. Unga usipimwe kwa magi ya baba na sukari kwa kikombe cha mgeni. Keki ni uwiano. Ukisema unga magi mbili na sukari magi moja, maana yake ni kwamba unga uwe mara mbili ya sukari, na uwiano huo unavunjika mara tu chombo cha pili kinapoingia.

Ya pili: ujue ujazo wa magi yako. Mapishi tunayoyatoa hapa yanakusudia magi ya mililita 250, yaani robo lita. Kuijua ni rahisi: chupa ya maji ya nusu lita iijaze mara mbili. Kama magi yako ni kubwa zaidi, usiitupe. Mimina ndani yake nusu ya maji ya chupa, weka alama kwa nje pale maji yalipofikia, kwa kucha ya rangi au kwa kalamu isiyofutika, na tangu siku hiyo alama hiyo ndiyo ukingo wako.

Kwa nini tunasisitiza ujazo, ilhali tumesema kwamba keki ni uwiano? Kwa sababu katika mapishi mengi kuna vitu viwili visivyoingia ndani ya magi, navyo ni yai na kijiko. Yai halikui kwa kuwa magi imekua, wala kijiko cha chai cha beking pauda hakiongezeki. Jirani yetu alipochukua magi kubwa, unga wake, sukari yake, mafuta yake na maziwa yake vyote viliongezeka kwa karibu nusu, lakini mayai yalibaki matatu na beking pauda ilibaki vijiko viwili. Mayai machache hayakuweza kuushika unga mwingi, na poda ndogo haikuweza kuuinua. Tena rojo lilikuwa jingi kuliko kawaida katika chombo kile kile na kwa muda ule ule wa moto, ndiyo maana katikati ilibaki mbichi.

Ya tatu: jaza kwa upole, kisha sawazisha. Unga wa ngano uchekeche kwanza, uchote kwa kijiko na kuutia katika magi bila kuushindilia wala kuigongesha magi mezani, kisha pitisha mgongo wa kisu juu ya ukingo ili uliozidi uanguke. Magi ya unga uliochekechwa ina gramu 125 hivi. Unga huo huo ukishindiliwa, magi ile ile yaweza kubeba gramu 150 na zaidi. Katika magi mbili tofauti hiyo inatosha kuifanya keki iwe kavu. Sukari haina tabia hiyo. Ijaze na kuisawazisha tu.

Ya nne: usiigeuze gramu kuwa mililita. Hapa ndipo wanapoanguka wengi wanaotumia vitabu. Kitabu kinasema unga gramu 250, msomaji anasikia kwamba magi yake ni mililita 250, basi anapima magi moja. Amekosea kwa nusu nzima. Gramu 250 za unga ni magi mbili; gramu 250 za sukari ni magi moja na robo; na maziwa ya gramu 250 ndiyo yanayokaribia magi moja. Ni mfano ule ule wa tende na mchele katika swaa moja.

Keki ya mafuta na maziwa

Hii ndiyo keki ya kuanzia kwa asiyepata kupika keki maishani mwake. Haihitaji kuchapa siagi kwa nusu saa, wala haihitaji mashine.

Mahitaji:
Unga wa ngano, magi 2
Sukari, magi 1
Mafuta ya kupikia yasiyo na harufu, nusu magi
Maziwa, robo tatu ya magi
Mayai 3
Beking pauda, vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa
Iliki ya kusaga, nusu kijiko cha chai
Chumvi, chembe kidogo

Paka mafuta chombo cha kuokea chenye upana wa inchi 8 au 9, kisha nyunyiza unga kidogo na kukung'uta uliozidi. Washa jiko mapema, kwa kuwa rojo lenye beking pauda halipendi kusubiri. Chekecha pamoja unga, beking pauda na chumvi. Katika bakuli jingine piga mayai na sukari kwa dakika tano, hadi rangi ififie na povu liongezeke. Mimina mafuta kidogo kidogo huku ukiendelea kupiga, kisha tia iliki.

Sasa tia unga na maziwa kwa zamu: unga kidogo, maziwa kidogo, hadi viishe. Tangu unga unapoingia, acha kupiga, koroga tu, na mara unga mkavu usipoonekana, simama. Ngano ina kitu kiitwacho gluteni, ambacho kikikorogwa sana katika majimaji hufanya nyuzi zinazovutika. Nyuzi hizo tunazitaka katika chapati na mikate. Katika keki huleta ugumu. Oka kwa digrii 180 za sentigredi, dakika 35 hadi 40.

Keki ya mtindi bila mayai

Hii tunawapa wale ambao mayai yamewaishia, au ambao bei ya mayai imewashinda mwishoni mwa mwezi, na pia wenye mtoto ambaye mayai yanamdhuru.

Mahitaji:
Unga wa ngano, magi 1 na nusu
Mtindi mzito usiotiwa sukari, magi 1
Sukari, robo tatu ya magi
Mafuta, nusu magi
Beking pauda, kijiko 1 cha chai na robo
Bikaboneti ya soda, nusu kijiko cha chai
Ganda la ndimu au chungwa lililokwaruzwa, kidogo

Koroga mtindi na sukari hadi sukari iyeyuke. Nyunyiza beking pauda na bikaboneti juu yake, changanya taratibu, na uache kwa dakika tano. Utaona mapovu yakipanda. Ukali wa mtindi unakutana na bikaboneti na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo itakayofanya kazi ya mayai. Tia mafuta na ganda la ndimu, kisha unga uliochekechwa kwa mafungu mawili, na upeleke jikoni bila kuchelewa. Chombo cha inchi 7 au 8 kinatosha. Moto ni ule ule wa digrii 180, kwa dakika 35 hivi.

Kabla ya kupika keki yoyote katika hizi mbili, jaribu beking pauda yako, hasa kama kopo limekaa wazi muda mrefu. Tia nusu kijiko katika maji ya moto. Ikifoka povu, ni nzima. Ikinyamaza, imekufa, na hakuna kipimo kitakachoiokoa keki yako.

Mkate wa mayai, ambao hauna kijiko

Tumeuacha mwisho kwa makusudi. Mkate wa mayai wa Unguja na Mombasa, unaopendwa kwenye futari na kwenye chai ya Idi, unapikika kwa namna ambayo kila kitu kinaingia katika chombo kimoja, hata mayai. Kwa hiyo hauhangaiki na ukubwa wa magi; ikiwa kubwa, mkate utakuwa mkubwa, basi.

Mahitaji:
Mayai yaliyovunjwa, magi 1 (katika magi ya robo lita huingia mayai 5 hivi)
Sukari, robo tatu ya magi. Wapendao utamu huijaza
Unga wa ngano, magi 1
Iliki ya kusaga, kwa kuonja

Vunja kila yai kwanza katika kikombe kidogo, ulikague, ndipo ulimimine katika magi, kwani yai moja bovu huharibu yote. Yasiwe ya baridi kutoka kwenye friji. Mimina mayai na sukari katika bakuli kavu lisilo na mafuta, kisha chapa. Hapa hakuna beking pauda. Kinachoinua mkate ni hewa inayoingizwa na mkono wako. Kwa mashine ni dakika kumi, kwa mchapo wa mkono ni ishirini au zaidi, na ni vema watoto wakapokezana. Utajua umefika pale rojo linapokuwa jeupe na zito, na ukiinua mchapo, linaloanguka linaacha mstari juu ya bakuli usiozama upesi.

Tia iliki. Nyunyiza unga kwa mafungu matatu, na kila fungu ulichanganye kwa mwiko, ukipitisha chini na kuleta juu, polepole, usije ukaitoa hewa uliyoihangaikia. Oka kwa digrii 180, dakika 30 hivi, na usifungue mlango kabla ya dakika 20 kupita, kwa sababu baridi ya ghafla huudidimiza.

Moto wa mkaa

Asiye na oveni asijione amenyimwa. Keki za bibi zetu zilipikwa kwa kupalia moto juu na chini. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza ndani yake mchanga mkavu na safi wenye kina cha vidole viwili, uifunike na kuiweka jikoni kwa dakika kumi na tano ili ipate joto. Kisha weka chombo cha keki juu ya mchanga, funika kwa mfuniko wa bati au sinia, na palia makaa juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, kiasi cha mafungu mawili juu na moja chini, kwa kuwa joto la chini hupanda lenyewe na wengi huunguza kitako kabla uso haujabadilika rangi.

Usifunue kwa nusu saa ya kwanza. Baada ya hapo chomeka kijiti kikavu au ncha ya kisu katikati ya keki. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Kikitoka na rojo, rudisha mfuniko na usubiri dakika nyingine tano. Keki iliyoiva iache katika chombo chake dakika kumi ndipo uigeuze, na usiikate ikiwa ya moto.

Viungo vinavyohitaji kutazamwa

Keki yaweza kuwa na mafanikio ya mikono na isiwe na mafanikio ya dini. Soma maandishi kwenye vifungashio. Baadhi ya mafuta magumu ya kuokea yanayotoka nje huwa na shahamu ya nguruwe. Jelatini ya mapambo yaweza kutoka kwa mnyama asiyechinjwa kisheria. Na arki nyingi za vanila huyeyushwa katika alkoholi. Masheikh wamelizungumza suala hilo la mwisho kwa mitazamo tofauti, na mwenye shaka amuulize mwanachuoni anayemwamini. Sisi jikoni mwetu tumeikwepa njia hiyo, kwani iliki, ganda la ndimu na maji ya waridi vinatosha, tena vimetutosha kwa karne nyingi.

Keki inapouzwa

Turudi kwa jirani yetu. Tatizo la magi lilikwisha siku ile ile: tuliweka alama kwenye ile yenye maua, na jioni alipika keki iliyopanda kama zamani. Lakini alipokuwa akiaga, alisimama mlangoni.

"Hawa watatu waliorudisha nitawapikia upya," alisema. "Lakini wiki hizi mbili nimeuza nyingine tisa. Hao hawakusema kitu."

Swali hilo ni zito kuliko swali la mayai. Kila Muislamu anajua kwamba Surat Al-Mutaffifin inaanza kwa onyo kali kwa wanaopunja katika vipimo, na kwamba watu wa Madyan walionywa na Nabii Shuaib (a.s.) juu ya vipimo na mizani yao. Jirani yetu hakupunja. Kwa hakika alitia unga mwingi zaidi ya kawaida na akapata hasara. Mtu anayekosea bila kukusudia si sawa na mdanganyifu, na hilo tulimwambia.

Lakini tulimkumbusha pia Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ya mtu aliyekuwa akiuza chakula sokoni. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono wake ndani ya lundo la nafaka, akakuta unyevunyevu ndani ilhali juu ni kukavu. Muuzaji alisema kwamba kimenyeshewa na mvua. Huenda udhuru huo ulikuwa wa kweli, na mvua haikuwa kosa lake. Hata hivyo, Mtume (s.a.w.) alimhoji kwa nini hakukiweka kile kilichorowa juu ili watu wakione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Kwa ufahamu wetu, mvua si dhambi. Lawama ni ya kuuficha unyevu baada ya kuujua. Keki iliyopambwa juu na mbichi ndani inafanana sana na lundo lile, na tangu alasiri ile jirani yetu alikuwa amekwisha kujua.

Hatukumpa fatwa, kwa kuwa si kazi yetu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua. Katika siku nne zilizofuata aliwapitia wote tisa, akawaeleza habari ya magi iliyovunjika, na akampa kila mmoja hiari ya keki nyingine au fedha yake. Wengi walicheka wakamwambia kwamba walikula na kushukuru. Wawili walichukua keki. Mmoja alichukua fedha, akasema kwamba ile keki ililetwa mbele ya wakwe zake, na hadi leo hajaagiza tena. Jirani yetu alitusimulia hayo bila kulalamika, akaongeza kwamba usiku ule alilala.

Kwa akina mama na mabinti wanaotaka kuanza biashara ndogo ya keki, tunashauri mambo matatu. Tenga magi ya kazi, isiyonywewa chai wala kuchezewa na watoto, uiweke pamoja na kijiko chake. Pima ujazo wake kwa chupa na uandike katika daftari, ili ikivunjika ujue utakayoinunua. Kisha, kila unapobadili chombo chochote, keki ya kwanza iwe ya nyumbani. Ikate mwenyewe, uitazame katikati, ndipo uchukue oda ya mtu. Biashara ikikua, nunua mizani, kwa kuwa anayepika keki ishirini kwa siku anahitaji wepesi na usawa ambao magi haiwezi kumpa. Mizani isiwe sharti la kuanza.

Na kwa nyumba zisizouza chochote, magi hii ina faida nyingine. Mtoto wa miaka saba hawezi kusoma gramu, lakini anaweza kujaza, kusawazisha kwa kisu butu, na kuhesabu moja, mbili. Wavulana nao waitwe jikoni. Mtoto aliyezoeshwa kwamba magi isiyojaa haijahesabiwa, na iliyozidi inapunguzwa, amepata somo la kipimo kabla hajafika dukani wala sokoni.

Magi yenye maua mekundu bado ipo kwa jirani yetu, kwenye rafu ya juu, na alama yake imeanza kufifia. Juzi tulimwona akiirudia kwa rangi, chupa ya maji ya nusu lita ikiwa pembeni yake. Tunamuomba Allah (s.w.) azibariki riziki za wanaotafuta kwa mikono yao, na atujaalie sote kuwa waaminifu katika vipimo vyetu, vikubwa na vidogo. Wabillahi tawfiq.